Herufi Q na X: Kutoka Kamusi ya Kiingereza hadi Masjala ya Mbulu

Katika kazi ya istilahi ipo shughuli moja isiyo na sifa, ambayo haizungumzwi katika semina wala haitajwi katika dibaji za kamusi, nayo ni kutafuta maneno kwa kufuata herufi zilizomo ndani yake. Mtu akiagizwa kuchunguza namna maneno ya Kiingereza yanavyotoholewa katika Kiswahili, jambo la kwanza analohitaji ni orodha ya maneno yale yenye herufi ambazo alfabeti yetu haina, yaani q na x, pamoja na c isiyofuatwa na h. Kuyapata yanayoanza na herufi hizo si kazi, kwa kuwa kamusi yoyote imeyaweka mahali pamoja. Taabu ni yale ambayo herufi imejificha katikati au imekaa mkiani. Kamusi humjibu mtu aulizaye habari za herufi ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Aulizaye habari za herufi ya tano haina la kumwambia. Basi mtu huyo hana budi kuisoma kamusi yote, ukurasa kwa ukurasa, kalamu mkononi, kama msomaji wa riwaya isiyo na kisa.

Taabu hiyo imewapata wengi kabla yetu. Katika miaka ya 1930 Mmarekani Alfred Butts, msanifu majengo aliyekuwa hana kazi, alikaa akihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili apate kujua ipi hutumika sana na ipi mara chache. Hesabu yake ndiyo iliyozaa mchezo wa Scrabble, ambao ndani yake q ina kigae kimoja tu chenye thamani ya alama 10, na x kigae kimoja cha alama 8. Mwaka 1971 Martin Lehnert alichapisha huko Leipzig kamusi ya Kiingereza iliyopangwa kinyume, yaani kuanzia herufi ya mwisho kurudi ya kwanza, hata maneno yote yaishiayo na x yakaketi pamoja. Ilikuwa msaada mkubwa, ingawa herufi ya katikati iliendelea kujificha. Siku hizi kompyuta huileta orodha nzima kabla mtu hajamaliza kuvuta kiti. Kazi iliyobaki ni ile ya zamani, yaani kuitazama orodha na kujiuliza inatuambia nini.

Orodha ya maneno ya Kiingereza yenye q inasema jambo moja waziwazi. Karibu kila mara q hufuatwa na u, na herufi hizo mbili hutoa sauti ya kw, kama katika "quinine", au sauti ya k peke yake, kama katika "antique". Herufi x nayo haina sauti iliyo mali yake. Katika "box" ni ks, katika "exam" ni gz, na inapoanza neno, kama katika "xylophone", hugeuka z. Tena historia yenyewe inashuhudia kwamba q si kiungo cha lazima katika mwili wa Kiingereza. Kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, Waingereza waliandika "cwen" kwa neno ambalo leo huandikwa "queen", na "cwic" kwa lile ambalo leo ni "quick". Waandishi waliofunzwa kwa desturi ya Kifaransa ndio walioleta qu. Sauti haikubadilika; lililobadilika ni vazi.

Kwa hiyo Kiswahili kilipoyapokea maneno haya na kuyavua vazi hilo, hakikupoteza kitu. Tunasema na kuandika kwinini, ikweta, karantini, oksijeni, teksi, boksi na eksirei, na hakuna awezaye kudai kwamba sauti fulani ya Kiingereza imeachwa njiani kwa sababu ya kukosekana q au x. Hapa pana mtego mdogo ambao mtafutaji kwa herufi hana budi kuujua: neno "kwaya" lina sauti ileile ya kw, lakini asili yake ya Kiingereza haina q, hivyo orodha haitalileta kamwe. Na "quorum", ambalo orodha italileta mapema, halihitaji kutoholewa, kwa kuwa tunalo neno akidi.

Hata kwa upande wa Kiarabu mambo yalikwenda hivyo. Waandishi wa pwani walioandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu walikuwa na herufi ya qaf, nao waliitumia katika maneno kama kalamu, kadhi na wakati, kwa kuwa ndivyo yalivyoandikwa kwao yalikotoka. Lakini katika vinywa vya wasemaji wengi sauti ile ilikwisha kuwa k. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza, ilisimamia tahajia ya Kilatini isiyo na q wala x. Iliziwekea dh, gh, th na kh sauti zilizotoka Kiarabuni ambazo bado zilisikika. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, nami siuoni kosa lake. Ulihusu maneno ya Kiswahili, na kwa maneno ya Kiswahili ulitosha.

Lakini katika orodha ile ya Kiingereza yalibaki maneno machache yasiyotii sheria, yenye q isiyofuatwa na u. Karibu yote ni maneno ya ugenini au majina: Iraq, Qatar, burqa, na "qat", ambayo sisi huiita mirungi. Kiingereza, ambacho hakiwezi kukaa na q pasipo u katika maneno yake chenyewe, hakikulazimisha u katika jina la Qatar. Na katika vitabu vya wataalamu wa lugha na jamii lilikuwamo jina moja la kwetu, nalo ni Iraqw. Jina hilo ndilo lililonipeleka Mbulu.

Wilaya za Mbulu na Hanang', ambazo tangu mwaka 2002 zimo katika Mkoa wa Manyara, na kabla ya hapo zilikuwa katika Mkoa wa Arusha, ni mahali pa pekee kwa mtu wa lugha. Wairaqw, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wambulu, lugha yao ni ya jamii ya Kikushi. Wadatoga, na hasa Wabarabaig wanaokaa kuuzunguka Mlima Hanang', wana lugha ya Kinilo. Katika bonde la Yaeda wapo Wahadzabe, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na ndugu yeyote. Na Wabantu wapo pia. Msafiri anayefuata barabara kutoka Babati husoma vibaoni majina kama Endasak, Katesh, Measkron na Gisambalang upande wa Hanang', na Dongobesh, Maghang, Haydom, Tlawi na Masqaroda upande wa Mbulu. Mengi huishia kwa konsonanti, jambo ambalo Kiswahili hakilipendi. Lakini hakuna dereva aliyepata kusema "Kateshi" kwa ajili ya kutii sarufi yetu. Nililiona hilo mapema nikalifurahia, pasipo kujua kwamba lina uhusiano na kosa langu mwenyewe.

Lugha ya Iraqw ilichunguzwa kitaalamu na Wilfred Whiteley, aliyechapisha maelezo yake mafupi mwaka 1958. Mtu huyohuyo alikuja kuwa mkuu wa kwanza wa chuo cha uchunguzi wa Kiswahili mjini Dar es Salaam. Sarufi kamili ilitolewa na Maarten Mous mwaka 1993, na mwaka 2002 ikafuata kamusi ya Iraqw na Kiingereza aliyoiandaa pamoja na Martha Qorro na Roland Kießling. Msomaji aangalie jina la Mwalimu Qorro, aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: nalo lina q isiyofuatwa na u.

Katika maandishi ya lugha hiyo, q si vazi la k. Ni sauti nyingine, itolewayo nyuma zaidi kinywani, karibu na kimeo, na lugha ya Iraqw inayo k pia, ambayo haichanganywi nayo. Vivyo hivyo zipo sauti tatu zinazofanana masikioni mwa mgeni, nazo huandikwa h, hh na x. Hii hh hutoka kooni, kama ile ha nzito ya Kiarabu; x hukaribiana na kh ya mtu asemaye "kheri" kwa ufasaha wa madrasa. Tl na sl, ambazo jicho la Kiswahili huziona kuwa herufi mbilimbili zilizokosa irabu, kila moja ni sauti moja. "Slee" ni ng'ombe jike. "Tsiyahh" ni nne. Ipo na sauti ya ain, ambayo huandikwa kwa mkwaju, hivi: /. Alama hiyo ilikuwamo katika kila mashine ya kuandikia, na hiyo ni faida kubwa kwa lugha isiyo na kiwanda chake cha chapa. Lakini katika ofisi za Serikali mkwaju ndio unaotenganisha namba za kumbukumbu za majalada, kwa hiyo jina linaloanza kwa mkwaju humfanya karani afikiri kwamba ameanza kusoma namba ya faili.

Sasa nieleze kosa. Miaka kadhaa iliyopita nilitayarisha mwongozo mfupi kwa ajili ya semina moja ya makarani na wafasiri. Nilikuwa nimetoka katika ile kazi ya orodha, na kichwa changu kilijaa kwinini na oksijeni. Nikaandika kwamba herufi q na x hazimo katika alfabeti ya Kiswahili, na kwamba q huandikwa k au kw, na x huandikwa ks. Sikuandika kwamba hayo yahusu maneno yanayotoholewa tu. Sikudhani kwamba yupo atakayeyapeleka kwenye majina ya watu. Karatasi zikarudufiwa, zikagawiwa, nami nikasahau.

Nilipofika Mbulu kwa shughuli nyingine nilikutanishwa na mwalimu mmoja mstaafu. Jina lake sitalitaja. Yatosha kusema kwamba linaanza na q, katikati lina hh, na konsonanti zake nyingine mbili ni m na r. Mzee huyu alikuwa amesubiri kiinua mgongo chake kwa muda mrefu, kwa sababu jalada lake halikuonekana. Cheti chake cha ualimu kiliandikwa kwa k na h moja. Barua ya kumwajiri iliandikwa kwa q. Alipoulizwa ni lipi jina lake la kweli, aliambiwa alete kiapo cha jina, na alipokileta, kikaonekana kimeandikwa kwa k na hh, hata kikawa jina la tatu badala ya kuwa dawa ya mawili ya kwanza.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi sijabadili jina hata siku moja. Kalamu ndizo zilizobadilika."

Nilifuatana naye hadi masjala ya ofisi iliyohusika. Karani alikuwa kijana mpole, aliyetusalimia kwa heshima na kumpa mzee kiti. Nilipomwuliza kwa nini majina yenye q hayakuwekwa mahali pake, alifungua mtoto wa meza akatoa karatasi zangu. "Mwongozo unasema hivi, Mzee," alisema, akimwelekea mwalimu na si mimi, kwa kuwa hakujua kwamba mwandishi wake amesimama mbele yake. Nilimwambia kuwa ni mimi. Yule mwalimu mstaafu alizichukua karatasi, akazisoma polepole kama asomaye insha ya mwanafunzi, akazirudisha pasipo neno.

Basi tukatafuta. Kadi za masjala zilipangwa katika visanduku kwa herufi ya kwanza, na kwa kawaida mtu akikosa jina katika kisanduku chake hana la kufanya. Lakini hiyo ndiyo taabu niliyoijua tangu kwenye kamusi. Mtumiaji yeyote wa kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 anajua kwamba herufi ya kwanza si kiongozi wa kutegemewa: atafutaye "mpishi" humkuta chini ya "pika". Tukaacha herufi ya kwanza, tukaacha irabu zote, tukaacha na ile hh, kwa sababu hizo ndizo sehemu ambazo kalamu zimetofautiana. Tukabaki na m na r kwa mfuatano huo, herufi ambazo hakuna karani aliyepata kuzikosea. Tukapitia visanduku vyote, A hadi Z, tukitoa kila kadi yenye jina ambalo ndani yake m hutangulia na r hufuata. Kazi hiyo ilichukua alasiri mbili. Mzee alikaa nasi, akisoma majina kwa sauti, na mara kwa mara akisimama kutueleza kwamba huyu alikuwa mwanafunzi wake na yule alikwisha fariki.

Wenzetu wa Marekani walijaribu kuitengenezea taabu ya namna hii mashine ya akili. Mwaka 1918 Robert Russell alipewa hataza ya mfumo ambao baadaye uliitwa Soundex, uliotumika katika miaka ya 1930 kupanga kadi za sensa zao za zamani, ambamo jina la mtu mmoja liliweza kuandikwa kwa namna nyingi. Katika mfumo huo irabu huachwa na konsonanti hugeuzwa tarakimu kwa makundi: c, g, j, k, q, s, x na z zote hupewa tarakimu 2. Lakini herufi ya kwanza ya jina hubaki kama ilivyo. Kwa hiyo jina la mwalimu wetu likianza na q lingekuwa katika kisanduku kimoja, na likianza na k katika kingine, hata kama tarakimu zilizofuata zingekuwa zilezile. Mfumo huo ulibuniwa kwa majina ambayo watu hukosea mwili wake na si kichwa chake. Majina ya Mbulu hukosewa kichwa.

Wapo watakaosema kwamba njia nyepesi ni kuyasanifisha majina yote kwa alfabeti yetu, ili kila karani wa nchi hii aweze kuyaandika. Nimeyapima maneno hayo, nami naona yana nguvu kwa x kuliko kwa q. Sauti ya x ya Iraqw ingeweza kuandikwa kh, herufi ambazo Kiswahili kinazo tayari, na mtu asipoteze kitu kikubwa. Lakini q haina pa kwenda. Ikiandikwa k inaingia katika nyumba ya mwingine, na majina mawili ya watu wawili yanakuwa jina moja. Kwa Kiingereza tuliivua q kwa sababu ilikuwa vazi. Huku tungekuwa tunavua ngozi.

Wala haitoshi kusema kwamba q iandikwe popote inaposikika, kwa maana herufi ileile haibebi sauti ileile kila mahali. Katika bonde la Yaeda, katika wilaya hiyohiyo ya Mbulu, wataalamu wa siku hizi wameandika lugha ya Wahadzabe kwa kutumia c, q na x kwa sauti zake za kudoya, kama ilivyo desturi katika Kizulu na Kixhosa. Basi q ya mwanafunzi Mhadzabe na q ya jirani yake Mwiraqw, wakikaa dawati moja, ni sauti mbili zisizojuana kabisa. Karani hawezi kutakiwa ajue hayo yote. Anachoweza kutakiwa ni kunakili jina kama mwenyewe alivyoliandika, herufi kwa herufi, na kuiacha sauti kwa wenyewe.

Nikitaja herufi kwa herufi, nikumbushe na ile alama ndogo katika jina la Hanang'. Kwa tahajia yetu ng na ng' ni sauti mbili, na jina hilo huishia kwa sauti ya ng'ombe, si ya ngoma. Kibao kimoja kitaandika alama hiyo, kingine kitaiacha. Jicho la mwanadamu halisumbuki, lakini kompyuta iliyoagizwa kutafuta neno zima huyahesabu kuwa majina mawili, na mtumishi atafutaye barua za wilaya hiyo hupata nusu yake akadhani amezipata zote. Maafisa wenzangu wanaotunza orodha za majina ya mahali waliangalie jambo hilo.

Mwongozo wangu nimekwisha kuurekebisha. Sentensi iliyoongezwa inasema kwamba kanuni za utohozi zahusu maneno ya kawaida yanayoingia katika Kiswahili, na kwamba jina la mtu au la mahali huandikwa kama lilivyo katika hati ya kwanza ya mwenyewe, pamoja na q, x, hh, mkwaju au alama nyingine yoyote. Nimeipeleka kwa kila niliyemkumbuka kuwa alikuwa katika semina ile, na wasomaji waliopata karatasi za zamani nawaomba wazitupe.

Kadi ya mwalimu tuliipata alasiri ya pili, katika kisanduku cha G. Karani fulani wa miaka ya nyuma alikuwa ameisikia q yake kuwa g. Ilikuwa na tarehe sahihi ya kuzaliwa, shule zote alizofundisha, na namba ya jalada, ambalo lililetwa kutoka ghalani kesho yake likiwa na vumbi. Kijana wa masjala aliandika kadi mpya kwa q na hh, kisha akaandika nyingine mbili, za K na za G, zenye neno moja tu, "tazama", na kufuatiwa na jina kamili. Zile mbili alizirudisha mahali pake. Ile ya kwanza alisimama nayo mkononi, kwa sababu visanduku vilikuwa vikitoka P vikaenda R. Mzee akamwambia palikuwa na boksi la chaki tupu pale dirishani.